Mfupa wa nyonga au keji? Swali lenyewe limekaa vibaya

Ukienda buchani kununua mfupa wa supu mwangalie jamaa anavyoukata na msumeno. Nje kuna ganda gumu linamtoa jasho, ndani kuna kisponji chenye damudamu, hapo msumeno unapita tu kama hakuna kitu. Ganda ndo linabeba mzigo, sponji ndo inawahi kuingiza mishipa ya damu na kushika. Ugomvi wote wa kupandikiza mfupa kwenye uti wa mgongo uko hapo.

Mtu akiambiwa ataunganishwa pingili za mgongo zishikane ziwe mfupa mmoja anauliza hivi, wanichukue mfupa wa nyonga au waniwekee keji, yaani kile kiboksi cha chuma au plastiki kinachokaa kati ya pingili? Wanaotetea nyonga wana hoja nzito. Ni mfupa wako, una seli hai, na ukikatwa vizuri unatoka kabari yenye ganda pande tatu na sponji katikati, ndo ile madaktari wa upasuaji Smith na Robinson walikuwa wanaipachika mbele ya shingo miaka ya 1950. Na mbele ndo penyewe, kiunoni inatajwa kwamba karibu asilimia 80 ya uzito unapita mbele kwenye diski, ule mto ulioko kati ya pingili na pingili, mfupa ukikandamizwa unajijenga, Mjerumani Julius Wolff alishaandika hayo 1892.

Ila kuna kidonda cha pili, wapo wanaopona shingo wakabaki kulalamika nyonga. Afu kuna kitu wengi hawaambiwi: mfupa uliopandikizwa unalegea kwanza ndo uje kukaza. Mwili unautafuna kama mchwa huku unajenga mpya nyuma yake, na ukiwa wa ganda tupu, mfano ule mwembamba wa mguuni pembeni ya muundi, siku ya kwanza uko ngangari halafu unapungua nguvu kwa miezi kadhaa. Ndo maana wanaweka skrubu na vyuma. Sasa chuma nacho kinachoka, chukua waya wa kufungia nondo upinde huku na huku uone utakatika lini. Kwa hiyo ni mbio, mfupa ushike kabla chuma hakijakatika.

Hata huo mfupa wako mwenyewe una kikomo. Kwenye TB ya mgongo madaktari wa Hong Kong, Hodgson na Stock, walishaonyesha tangu 1956 kwamba unaweza kuingilia mbele, ukasafisha uchafu na kuziba pengo kwa mfupa. Wengine wakawa wanatumia ubavu maana kifua kishafunguliwa, upo hapohapo. Ubavu ni hai kweli lakini mwembamba na umepinda, pengo likizidi diski mbili mara nyingi unavunjika au unachomoka.

Upande wa keji sasa. Kidonda kimoja, na nafasi ya diski inasimama siku hiyohiyo. Shida ni ugumu. Titaniamu, chuma cha keji nyingi, ina kama gigapaskali 110 (kipimo cha ugumu) wakati ganda la mfupa halifiki hata 25, hiyo sponji ndo usiseme, kwa hiyo keji inaweza kuzama kwenye pingili kama kisigino chembamba kwenye udongo wa mvua, hasa kwa mama mwenye mifupa iliyopungua madini. Pia inabeba mzigo wote yenyewe, mfupa ulioko ndani unakaa bila kazi. Wakaja na plastiki ngumu ya PEEK, gigapaskali 3 au 4 hivi, haizidi ganda kwa ugumu, ila mfupa haupendi kuigandia kama unavyogandia titaniamu. Unakwepa huku unagonga kule.

Na keji ni boksi tupu jamani! Lazima ijazwe kitu, iwe mfupa uliokwanguliwa hapohapo mgongoni, wa marehemu aliyechangia, au BMP, protini ya kuchochea mfupa uote, ambayo Marekani waliiruhusu kiunoni 2002 halafu 2008 wakatoa onyo kwamba ikitumika shingoni inaweza kuvimbisha koo mpaka mtu ashindwe kupumua.

Mimi kwa pingili mbili tu za shingo, kwa mtu asiyevuta sigara, sioni aibu ya nyonga, na si chaguo la maskini kama wengine wanavyolichukulia. Pengo likiwa refu siamini mfupa peke yake. Lakini kinachonitisha zaidi ni sehemu ya kukwangua uso wa pingili kabla ya kuweka chochote. Ukikwangua kidogo damu haiji, mfupa haushiki, ukizidisha unatoboa ganda na kila utakachoweka kinazama, na pembeni pa pingili ni pagumu kuliko katikati kwa hiyo kijikeji kidogo kilichokaa katikati kiko pabaya. Ningemuuliza daktari hilo kabla sijauliza bei.