Kuba la Walii na Makaburi ya Jirani Zake

Mwezi uliopita nilikwenda kuzuru makaburi ya wazee wetu hapa Ujiji, kama ilivyo ada yangu kila Alhamisi jioni ninapojaliwa nafasi, nikakuta vigingi vinne vimepigwa na uzi mweupe wa mafundi umezungushwa kwenye kaburi la sheikh aliyewasomesha babu zetu Qurani. Kigingi cha upande wa kusini kilikuwa kimesimama juu ya kaburi la mdogo wangu wa kike, aliyefariki kwa surua akiwa na umri wa miaka miwili. Jiwe tulilomwekea alama, jiwe la ziwani la kijivu ambalo baba alilibeba begani kutoka ufukweni, lilikuwa limesukumwa pembeni pamoja na majani yaliyofyekwa.

Niliuliza, nikaambiwa kwamba waumini wamechanga fedha ili sheikh ajengewe kuba lenye vigae na taa, naye apate heshima inayomstahili. Wanaolitaka jambo hili ni watu wema ninaoswali nao safu moja, na mapenzi yao kwa yule mzee ndiyo mapenzi yangu. Mimi nimelelewa katika twarika ya Qadiria, njia ya kisufi ile iliyoingia Ujiji na Tabora kwa njia ya misafara, nimekaa katika halaka, yaani duara, za dhikiri tangu sijajua kusoma, na sioni aibu kusema kwamba nikisimama mbele ya kaburi la mja mwema moyo wangu hulainika. Ziyara ni suna, kwani Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim kwamba alikuwa amewakataza watu kuzuru makaburi, na sasa wayazuru. Kumzuru walii, yaani mja mwema aliye karibu na Mungu, ni jambo moja, na kumjengea nyumba juu ya kaburi ni jambo jingine, na hili la pili, katika makaburi ya umma kama haya yetu, nasema kwa moyo mzito kwamba halifai.

Wapo watakaonijibu kwamba maneno haya yameletwa na vijana waliosoma ng'ambo. Sivyo. Hadithi ya Jabir, ambayo pia imo katika mkusanyiko wa Imamu Muslim, inasema wazi kwamba Mtume alikataza kaburi lisipakwe chokaa, lisikaliwe na lisijengewe. Imamu Shafii mwenyewe, ambaye madhehebu yake ndiyo tunayoyafuata kuanzia pwani hadi ukingoni mwa Tanganyika, aliandika kwamba aliwaona watawala wa Makka wakibomoa yaliyojengwa makaburini, wala hakuwaona wanazuoni wakiwalaumu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ametaja katika Minhaji, kitabu ambacho masheikh wetu wamekisomesha vizazi na vizazi, kwamba ni karaha, yaani jambo lisilopendeza kisheria, kulipaka kaburi chokaa, kulijengea na kuliandika, kisha akaongeza kwamba likijengewa katika makaburi yaliyotolewa kwa ajili ya Waislamu wote, jengo hilo hubomolewa.

Nyongeza hiyo ndiyo inayonishika zaidi, nami naiomba kamati inayosimamia ujenzi huu iisome taratibu. Mwanazuoni hakusema hivyo kwa kumdharau maiti. Sababu wanayoitaja mafakihi, wanazuoni wa sheria, ni kwamba ardhi ya makaburi ya umma ni haki ya kila Muislamu atakayekufa, na mwenye kujenga humo anawabana wenzake, tena anawabana milele, kwa sababu mwili wa maiti utaoza na ardhi yake itafaa kuzikiwa mwingine, lakini zege halitaondoka. Uzi niliouona una ukubwa wa mita tano kwa tano, na mwanadamu, awe walii au mchuuzi wa dagaa, hahitaji zaidi ya mwanandani wake, shimo analolazwa ndani ya kaburi, na shubiri moja ya udongo ulioinuliwa ili kaburi lijulikane lisikanyagwe.

Ni kweli, na sitalificha, kwamba wapo wanazuoni wa Kishafii wa zama za baadaye waliowatoa manabii, wanazuoni na watu wema katika katazo hilo, wakisema kwamba jengo husaidia kuhuisha ziyara na kutabaruku, yaani kutafuta baraka. Rai hiyo ni ya watu wakubwa na mwenye kuifuata simwiti mshirikina, wala sitamruhusu mtu amwite hivyo mbele yangu. Hata hivyo Ibn Hajar al-Haytami, fakihi wa karne ya 16 ambaye hakuna anayeweza kumtuhumu kwa kuwachukia mawalii, ametaja kwamba kundi la wanazuoni lilitoa fatwa ya kubomolewa majengo yote yaliyomo katika makaburi ya Qarafa huko Misri, hata kuba la Imamu Shafii lililojengwa na mfalme mmoja wa ukoo wa Ayyub mwaka 1211. Watu waliompenda Imamu wao kuliko sisi tunavyompenda sheikh wetu waliona kwamba mapenzi hayo hayahalalishi kuchukua ardhi ya maiti wengine.

Hutajwa pia aya ya Suratul Kahf, ya 21, ambamo walioshinda katika jambo la vijana wa pangoni walisema watajenga msikiti juu yao. Qurani imesimulia kauli hiyo bila kutuamrisha tuifuate, na sheria ya waliotutangulia haiwi hoja kwetu pale Mtume wetu anapokuwa amesema kinyume chake. Ama Kuba la Kijani la Madina, ambalo kila mmoja wetu ana picha yake ukutani, hilo lina historia yake peke yake. Mtume alizikwa mahali pale pale alipofia, ndani ya chumba cha Bibi Aisha, kwa hiyo nyumba ilikuwapo kabla ya kaburi, na kuba lenyewe halikujengwa ila mwaka 1279, zaidi ya miaka 600 baada ya kufariki kwake. Bibi Aisha mwenyewe, radhi za Allah ziwe juu yake, ndiye aliyetueleza kwamba kaburi lile halikuachwa nje, wazi, kwa kuchelea lisije likafanywa mahali pa kusujudia.

Nisieleweke kwamba nawaunga mkono wenye sururu. Mwaka 2012 watu wenye silaha waliyabomoa makuba ya mawalii wa Timbuktu nchini Mali, na mmoja wao, Ahmad al-Faqi al-Mahdi, akahukumiwa na mahakama ya The Hague mwaka 2016 kifungo cha miaka tisa. Imamu Shafii aliwataja watawala, wenye dhamana ya ardhi ile, hakutaja kundi linalojituma lenyewe. Majengo ya zamani yaachwe yalivyo, kama yanavyoachwa makaburi ya nguzo ya Kaole na Kunduchi, kwa sababu kuyagusa leo kutaleta fitina kubwa kuliko kuyaacha. Mimi nazungumzia zege ambalo bado halijachanganywa.

Anayetaka kulitofautisha kaburi la sheikh asipotee, suna imemtosheleza. Mtume alipomzika Uthman bin Madhun alichukua jiwe kwa mikono yake, akaliweka upande wa kichwa, akasema kwamba analitia alama kaburi la ndugu yake ili awazike hapo watakaokufa katika jamaa zake. Imepokewa na Abu Dawud. Naona humo mambo mawili ambayo kuba linayaondoa: alama ilikuwa jiwe tu, na lengo la alama lilikuwa kuwaleta maiti wengine karibu na mtu mwema, si kuwasukuma mbali naye. Wazee wetu wa Ujiji walilielewa hilo bila kuambiwa. Baba alimzika mdogo wangu pale makusudi, hatua tatu kutoka kwa sheikh, kwa sababu alitaka mtoto wake awe jirani wa mtu aliyekuwa akiwafundisha watoto alifu na bee kwa subira isiyokwisha.

Fedha zilizochangwa zisirudishwe mifukoni. Madrasa aliyoianzisha sheikh haina paa zuri upande wa wasichana, na masika watoto husogezwa pembeni wasilowe. Bati na mbao za pale ni sadaka inayoendelea ambayo thawabu zake zitamfikia kaburini, jambo ambalo vigae haviwezi kulifanya.

Jiwe la mdogo wangu nimelirudisha mahali pake. Vigingi sikuving'oa, maana si mali yangu na kamati haijakaa kunisikiliza. Ndani ya uzi ule nimehesabu makaburi saba mbali na la sheikh. Manne nawajua waliozikwa humo kwa majina na kwa majina ya baba zao, nami nitawasoma mmoja mmoja katika kikao kitakachofanyika msikitini baada ya sala ya Ijumaa ijayo, kabla ya lolote jingine kusemwa.