Mtoto asinyimwe uji kwa deni la mzazi

Tangu Januari 2016 shule za serikali nchini Tanzania hazitozi ada hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 nafuu hiyo ikafika kidato cha sita. Naiunga mkono sera hii kwa moyo wote. Lakini imeacha pengo, nalo linaonekana wazi kwenye shule nyingi za kutwa wakati wa uji.

Kengele inagongwa, watoto wanapanga foleni na vikombe vya plastiki. Mwalimu wa zamu ameshika daftari. Ambaye kwao hawajaleta mahindi na maharage anawekwa pembeni. Anakaa kivulini, anachezea vijiwe kama vile hana njaa. Baadaye wote wanarudi darasani kufanya hesabu zilezile.

Simlaumu mwalimu. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu. Kinachobaki ndicho cha chaki, mitihani na ukarabati. Chakula cha mwanafunzi wa kutwa kimeachiwa wazazi. Basi mtu aliyesomea ualimu anageuzwa mdai madeni, na mzazi akimwona njiani anakata kona. Siku mtoto akishindwa kusoma, hao wawili watazungumzaje?

Wazazi wengi nao siwalaumu. Michango huitishwa Januari, sambamba na sare na madaftari, wakati kule Dodoma na Singida mahindi bado yako shambani na akiba imekwisha. Kamati ya shule ikusanye nafaka msimu wa mavuno, debe likiwa lipo nyumbani.

Wapo wasio nacho hata wakati huo. Hao hatuna haja ya kuwatafuta, maana vijiji vilishaorodhesha kaya maskini kwa ajili ya TASAF, mfuko wa serikali wa kuzisaidia. Watoto wao wale bila mchango, halmashauri ilipe kutoka mapato yake ya ndani. Kazi ya kudai wengine ihamie serikali ya kijiji, mwalimu abaki na vipindi vyake.

Najua hoja itakayoletwa: wazazi watabweteka. Mzazi mwenye uwezo asiyetaka kuchangia aitwe yeye kwenye mkutano wa kijiji, abanwe yeye kwa sheria ndogo. Mwanawe ale.