Onesho la viatu ambalo viatu vyenyewe sikuviona

Wikendi iliyopita nimekaa na simu siku tatu nzima nafuatilia laivu ya chapa moja ya viatu iliyokuwa inasherehekea bethdei yake, jina naliacha sitaki ugomvi na mashabiki zake, tena mi mwenyewe ni mmoja wao. Ijumaa pati, Jumamosi onesho la mitindo, Jumapili wakafungua mauzo ya toleo maalum la maadhimisho. Taa zilikuwa kali, muziki mzito, maselebu wamejaa mstari wa mbele wanajipiga selfi. Sasa mtu akiniuliza leo nimuelezee hata pea moja tu iliyopita pale jukwaani, sina jibu.

Nikarudia kuangalia, nikisema labda macho yangu tu. Wapi! Modo anatoka, kamera inamshika usoni, inashuka kwenye koti, ikifika magotini inakimbilia kwa selebu aliyekaa pembeni. Suruali zenyewe ndefu zinaburuza chini, kiatu kimebaki ncha tu inachungulia kama panya kwenye tundu. Yani kampuni imekula miaka yote hiyo kwa kuuza viatu alafu siku ya sherehe yake inatuonesha makoti jamani.

Ila nikakaa nikawaza, hili tatizo sio la hawa peke yao. Jukwaa la mitindo ni la nguo tangu zamani. Gauni linapepea, linageuka, hata aliyekaa nyuma kabisa analiona. Kiatu kiko chini kule na kinatembea, ukikikazia macho kishapita. Ndio maana viatu vya jukwaani tunavyovikumbuka wengi ni vile vilivyoleta balaa. Modo Naomi Campbell, mwaka 1993, Paris, kwenye onesho la mbunifu Vivienne Westwood, kavaa viatu vya soli nene na kisigino cha kutisha, akadondoka chini puu, akacheka mwenyewe akainuka. Viatu hivyo sasa viko makumbusho ya Victoria and Albert kule London. Hivi asingedondoka, nani angevijua leo? Na zile Armadillo, viatu virefu vya ajabu vya mbunifu Alexander McQueen vya 2009, mpaka baadhi ya mamodo waligoma kuvivaa wakiogopa kuvunjika miguu. Kiatu kinapata jina kwa kutishia maisha ya mtu, ndo uone.

Onesho la viatu ninaloliheshimu mimi halikuwa onesho la mitindo kabisa. Mwaka 1986 kundi la rap la Run-DMC wanapiga shoo ukumbi wa Madison Square Garden, New York, wanavaa raba za Adidas Superstar bila kamba na wana wimbo wa kuzisifia, hapo kampuni haijawalipa kitu. Katikati ya shoo wakawaambia mashabiki wavue raba zao wazinyanyue juu. Basi ukumbi mzima ni raba hewani, raba za watu walizokuja nazo mguuni, zina vumbi, zina mikunjo, na naamini zingine zilikuwa zinanuka. Mtu wa Adidas alikuwepo akaona kwa macho yake, na baadae mkataba ukasainiwa. Kiatu kilicholetwa sokoni 1969 kwa ajili ya wacheza basketi kikapandishwa mpaka usawa wa macho, na waliokipandisha ni wavaaji.

Sasa hapo ndo pananiuma. Chapa ikifikisha miaka hamsini au mia, miaka hiyo imekaa wapi? Imekaa kwenye soli za watu. Buti la Dr. Martens linaitwa 1460 kwa sababu lilitoka tarehe 1 Aprili 1960, kiatu kimebeba bethdei yake kwenye jina, na walioanza kulivaa Uingereza ni maposta na wafanyakazi wa viwandani, watu wa kusimama kutwa nzima. Vijana wa muziki walikuja baadae. Au fundi viatu Mwitaliano Salvatore Ferragamo, miaka ya 1930, Italia imeivamia Ethiopia ikawekewa vikwazo, chuma kizuri cha kushikilia upinde wa kiatu kikawa hakipatikani, jamaa akajaza koki, ile ya vizibo vya chupa, pale chini kuanzia kisigino mpaka mbele na ndo umaarufu wa viatu vya weji ukaanzia hapo. Stori kama hizi ukiwa nazo ndani, unanipa moshi na taa za zambarau za nini?

Na kuna jambo lingine hawalisemi siku za sherehe. Kuna raba ambazo soli yake ina povu la polyurethane, aina ya plastiki, na povu hilo linafyonza unyevu wa hewani taratibu mpaka linaoza, hata kama hujawahi kuzivaa, hata zikiwa kwenye boksi lake. Nilikuwa na pea yangu ya toleo maalum, bado mpya, naitunza kama yai nasubiri siku nzuri. Siku nzuri ikafika, nikatembea hatua kama ishirini hivi, soli ikaanza kumeguka vipande kama keki kavu, nikarudi nyumbani na uso wa kiatu tu. Fundi viatu alicheka mpaka akakaa. Akanionesha buti la mteja wake, la zamani kuliko yangu mara mbili, soli yake imeshonwa kwa uzi, ikiisha anaifumua anashona nyingine na maisha yanaendelea. Sisemi raba zife, nazipenda na nitaendelea kuzinunua, ila chapa inayojisifia umri ingetuambia basi hiki cha maadhimisho nacho kitaishi miaka mingapi.

Ningekuwa mimi ndo napanga hiyo wikendi, ningewaita wavaaji. Leteni viatu vyenu vya zamani, vilivyopinda, vilivyotobolewa na kidole gumba, kila mtu apite na chake aseme kimemfikisha wapi. Mafundi wa kiwandani wakae mstari wa mbele, maselebu wapewe viti vya nyuma, watavumilia tu. Tungeoneshwa na kalibu ya kwanza kabisa kama bado ipo, kile kipande cha mti chenye umbo la mguu ambacho kiatu kinajengwa juu yake, maana mimi kukiona hicho ningelipa kiingilio.

Jumapili niliingia kununua, msinicheke, nilisema mi ni shabiki. Dakika nne tu saizi yangu imeisha, zimebaki za watoto na za majitu. Mwakani wakirudia, kamera waiweke sakafuni.