Supachaja Iliyochongwa: Mpaka wa Ufundi na Udanganyifu Uko Wapi?

NHRA, chama kinachosimamia mbio kubwa za dragi (mbio fupi za mstari ulionyooka) nchini Marekani, kinataka magari ya daraja la Top Fuel yafungwe supachaja, yaani pampu ya kuisukumia injini hewa, ya aina ya Roots isiyozidi ukubwa wa 14-71, na msokoto wa rota zake, vipande viwili vinavyozunguka ndani yake, usipite ule wa rota ya kawaida ya General Motors (GM) ya mfululizo wa 71. Ukiisoma haraka, sheria hiyo haina utata. Ugomvi huanza fundi na mkaguzi wanaposimama mbele ya supachaja iliyofunguliwa, na mmoja wao akauliza "kawaida" ni ipi.

Mfululizo wa 71 zilikuwa injini za dizeli za viharusi viwili ambazo General Motors ilianza kuzitoa mwaka 1938. Jina 6-71 lilimaanisha silinda 6, kila moja ikiwa na ujazo wa inchi za ujazo 71. Supachaja yake haikutengenezwa kwa ajili ya mbio. Dizeli ya namna ile haipumui mpaka isukumiwe hewa. Waundaji wa magari ya mbio ndio walioing'oa kwenye malori na kuifunga juu ya injini za V8. Walipotaka hewa zaidi, karakana zikarefusha kasha na rota, hatua kwa hatua, hadi zikafika 14-71. Dizeli ya silinda 14 haikuwahi kuwepo katika mfululizo ule. Maana yake, kifaa ambacho leo kinahesabiwa kuwa ndicho halali nacho kilizaliwa kwa kuchongwa na kurefushwa. Anayesema kila badiliko ni udanganyifu anasahau asili ya kitu anachokilinda.

Nawaelewa mafundi, na hoja yao ni nzito. Roots haibani hewa ndani yake. Huibeba kati ya mapezi ya rota na ukuta wa kasha, ikaimwaga kwenye manifoldi (njia ya hewa kuelekea silinda), na huko ndiko inakobanwa. Udhaifu wake ni mianya: hewa iliyokwisha kusukumwa hupenya na kurudi ilikotoka, tena ikiwa ya moto. Ndiyo maana mafundi huvika ncha za rota vipande vya Teflon, hupunguza uwazi kati ya rota na kasha, na huchonga midomo ya kuingizia na kutolea hewa. Urefu ni uleule, msokoto ni uleule. Kama kitabu cha sheria kimetaja urefu na msokoto kikanyamaza kuhusu umbo la mdomo, aliyelichonga amevunja kifungu gani? Kumwita mwizi kwa sababu amesoma kwa makini kuliko wenzake ni kumdhulumu.

Upande wa pili, wasimamizi hawabishani juu ya hewa tupu. Injini ya Top Fuel ina ujazo wa inchi za ujazo 500, yaani karibu lita 8.2, inachoma mafuta yenye nitromethani, kemikali ya mbio iitwayo nitro kwa kifupi, ya hadi asilimia 90, na inatoa zaidi ya nguvu za farasi 11,000. Hewa ikiongezeka, mafuta nayo huongezwa, na mwendo hupanda. Mwaka 2008, baada ya dereva Scott Kalitta kufariki katika ajali huko Englishtown, New Jersey, NHRA ilifupisha mbio za madaraja ya nitro kutoka futi 1,320 hadi futi 1,000, yaani kama mita 305. Wasimamizi waliokata hata urefu wa njia hawawezi kulaumiwa wakichungulia ndani ya kasha.

Halafu kuna mlipuko. Vali ya kuingizia ikikwama wazi, moto hurudi kwenye manifoldi iliyojaa mchanganyiko wa mafuta, na supachaja nzima inaweza kurushwa juu. Ndiyo sababu hufungwa kwa mikanda migumu na kuwekwa bamba linalopasuka mapema ili kutoa presha. Fundi akipunguza unene wa kasha kwa ajili ya uzito, amecheza na uhai wa dereva na wa walio kando ya njia. Hapo simtetei, hata kama kitabu kimenyamaza.

Kwa hiyo naona mageuzi haya hayafai kutupwa kwenye kapu moja. Yanayogusa uimara yapate kibali kabla kifaa hakijafika uwanjani. Yanayogusa mtiririko wa hewa yawekewe vipimo vya namba: nyuzi ngapi za msokoto kwa kila inchi, mdomo upana gani, urefu gani. Neno "kawaida" liondoke kitabuni. Na chombo cha kupimia kitangazwe pamoja na hali ya kupimia, kwa sababu chuma kilichotoka mbioni kimepanuka kwa joto, na kipimo cha moto hakilingani na cha baridi.

Mafundi wa timu ndogo watasema namba haziwasaidii, kwani mwenye fedha atachonga hadi unywele wa mwisho unaoruhusiwa. Ni kweli. Lakini chini ya neno "kawaida" mwenye fedha huchonga vilevile, tena ndiye mwenye muda wa kubishana na mkaguzi.

Linaloniuma zaidi ni mabadiliko ya katikati ya msimu. Kwenye madaraja kama Pro Mod, ambako magari ya supachaja, ya turbo (pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa injini) na ya nitrasi (gesi ya kuongeza nguvu) hushindana pamoja, uwiano wa puli zinazozungusha supachaja na uzito wa gari hurekebishwa ili pasiwepo anayetawala. Kila kambi hulalamika kwamba inaonewa. Mwamba ngoma huvutia kwake. Fundi aliyetafuta nafuu kidogo kwa miezi mingi anaamka na kukuta imefutwa kwa waraka mmoja. Kama sababu ni usalama, aving'oe vifaa vyake siku hiyohiyo. Kama ni kusawazisha ushindani tu, kasha lililopita ukaguzi mwanzoni mwa msimu liachwe likimbie mpaka mbio za mwisho.