Mshindani wa ngozi ya uyoga si ng'ombe

Katikati ya mwaka 2023, kampuni ya Bolt Threads ya California ilisimamisha uzalishaji wa Mylo, ngozi mbadala inayooteshwa kutokana na kuvu. Mwaka 2020 Adidas, Lululemon, Stella McCartney na Kering, wamiliki wa Gucci, walikuwa wameungana kuigharamia. Kiatu cha Stan Smith kikaonyeshwa, mikoba michache ya Stella McCartney ikauzwa, kisha fedha za kupanua uzalishaji zikakosekana. Kampuni ikahamia kwenye malighafi za vipodozi.

Aliyewahi kulima uyoga wa mamama anaijua nusu ya kazi yenyewe. Maranda ya mbao au pumba hupashwa moto ili kuua vimelea, hupandwa mbegu, na baada ya muda nyuzi nyeupe za kuvu hutanda kila mahali. Hapo mkulima husubiri uyoga uchipue. Kiwandani hufanyika kinyume: hewa, joto na unyevu hudhibitiwa ili uyoga usichipue kabisa, na nyuzi ziendelee kusokotana mpaka zifanye tabaka nene. Tabaka hilo huvunwa, hukandamizwa, hulainishwa na kutiwa rangi. Yote huchukua wiki chache tu, ilhali ng'ombe hulishwa kwa miaka.

Wanaoitetea ngozi ya kuvu wana hoja nzito. Sehemu kubwa ya ngozi ya wanyama duniani husindikwa kwa chumvi za kromu, aina ya metali, na kiwanda kisichosafisha majitaka yake huumiza watu walio jirani. Hazaribagh, mjini Dhaka, Bangladesh, viwanda vya ngozi vilimwaga uchafu kwenye mto Buriganga kwa miongo mingi, hadi vilipolazimishwa kuhamia Savar mwaka 2017. Baada ya hapo malalamiko yakahamia mto Dhaleshwari.

Upande wa pili hujibu kwamba ng'ombe hachinjwi kwa ajili ya ngozi. Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Bei ya ngozi ghafi ilipoanguka Marekani mwishoni mwa miaka ya 2010, machinjio hayakupunguza kuchinja, ngozi zilitupwa. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na ngozi nyingi huharibika kwa chapa za moto, kupe, kisu cha mchunaji na kucheleweshwa kutiwa chumvi. Maadamu nyama choma ina wateja, kukataa mkoba wa ngozi hakumwokoi ng'ombe hata mmoja. Hata hivyo hoja hii isivutwe mno: fedha ya ngozi ni sehemu ya faida ya ufugaji, ndiyo maana sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 dhidi ya ukataji misitu ilizijumuisha ngozi pamoja na nyama ilipopitishwa.

Kuhusu uimara, kwa sasa ng'ombe anaongoza. Watafiti wa taasisi ya FILK ya Freiberg, Ujerumani, walichapisha mwaka 2021 matokeo ya kulinganisha ngozi halisi na bidhaa mbadala kadhaa, na hakuna mbadala uliofikia sifa zote za ngozi kwa pamoja. Baadhi ya zile zilizosifiwa kuwa za mimea zilikutwa na plastiki ndani yake. Ngozi ya kuvu nayo mara nyingi huhitaji kupakwa kitu juu ili isilowe wala kuchubuka, na kama kitu hicho ni plastiki, sehemu ya sifa yake inaondoka.

Lakini ubishi huu wa kuvu na ng'ombe unamwacha pembeni mkosaji wa tatu. Pochi nyingi, makochi, viti vya daladala na viatu vya bei nafuu havikutokana na mnyama yeyote. Ni kitambaa kilichopakwa plastiki ya mafuta ya petroli. Huanza kubanduka mapema, na kikishabanduka hata fundi hodari hana la kufanya. Hapo ndipo ngozi ya kuvu ingekuwa na maana. Tatizo ni bei, kwa sababu plastiki ni rahisi mno, kwa hiyo wazalishaji wakawakimbilia matajiri. Mwaka 2021 Hermès, kampuni ya mikoba ya kifahari ya Ufaransa, ilitangaza mkoba wa Victoria uliotumia kuvu ya kampuni ya MycoWorks. Mkoba huohuo ulikuwa pia na ngozi ya ndama! Sijui mnunuzi asiyetaka ngozi ya mnyama angeuchukuaje.

Watetezi husema ndivyo teknolojia zinavyoanza: matajiri hulipia majaribio, bei ikashuka baadaye, kama simu za mkononi. Mimi sishawishiki sana. Simu ilipofika haikuwa na mbadala wa maana. Ngozi ya kuvu inaingia sokoni ikikuta bidhaa mbili tayari, moja imara kuliko yenyewe na nyingine rahisi kuliko yenyewe, na mtaji wa kusubiri ni mkubwa: MycoWorks ilichangisha dola milioni 125 mwaka 2022 kabla ya kufungua kiwanda South Carolina mwaka uliofuata.

Ninaona nafasi zaidi kwa njia ndogo, mfano wa Mycotech ya Bandung, Indonesia, iliyoanza na kilimo cha uyoga na kutumia mabaki ya mashambani. Huko malighafi iko jirani na ujuzi wa kuotesha kuvu ni wa kawaida, kwa kuwa tempe, chakula cha soya iliyooteshwa kuvu, huliwa kila siku. Wakiweza kuuza mita moja kwa bei inayokaribia ya plastiki, bila kuipaka plastiki, nitakuwa tayari kubadili mawazo. Kwa sasa kiatu cha ngozi kinachoweza kubadilishwa soli kwa fundi bado kinazishinda zote mbili, ya kuvu na ya plastiki.