Gari Haivuji, Inanyesha

Februari gereji yetu haina mzaha. Masika yanaanza Machi, na Coaster saba za kubeba wafanyakazi kati ya Kimara na Posta ziko mikononi mwangu. Kila moja inalala gereji siku mbili na kutoka ikiwa tayari kuogelea.

Matairi kwanza. Tairi ambalo mifereji yake imeshuka chini ya milimita 3 nalitoa, hata kama wengine wanalisukuma mpaka milimita 1.6: kwenye lami iliyolowa, mfereji ndio unaoyatoa maji njiani ili mpira uishike barabara. Filta ya dizeli naifungua kizibo cha chini mpaka maji yaishe na itoke dizeli tupu. Maji ya breki yenye miaka 2 namwaga bila huruma: yanafyonza unyevu wa hewani, na yakipata moto kwenye mteremko wa Kimara yanachemka, pedali inazama kama mguu kwenye tope. Betri zetu ni mbili za volti 12 zilizofungwa kuwa 24. Injini ikiwaka, mita isome kati ya 27.6 na 28.8, kwa sababu mvua ikinyesha taa, waipa na feni za kiyoyozi vyote vinakula kwenye sahani moja. Rabha za waipa nabadilisha tu. Sibishani na rabha ya waipa.

Mwaka mmoja nikaongeza madoido: andakoti, ile rangi nzito nyeusi ya kupulizia uvunguni chuma kisile kutu. Nilifunika breki, egzosi na propela shafti kwa nailoni na utepe wa karatasi wenye gundi, nikavaa miwani, nikapuliza. Uvungu ulitoka mweusi tii, hauna tundu. Nikajiona Nuhu aliyemaliza kupaka lami safina.

Hilo neno "hauna tundu" ndilo lililoniponza.

Kiyoyozi cha Coaster kimekaa darini. Hewa yenye unyevu ikigusa mapezi yake baridi inageuka maji, yanadondokea kwenye trei, kisha yanashuka kwa mipira miembamba inayopita ndani ya nguzo za bodi na kutokea uvunguni. Ndiyo yale maji unayoyaona chini ya gari lililosimama juani. Midomo ya mipira ile sikuifunika. Niliipuliza andakoti sawasawa, pande zote, kwa upendo.

Nilikijaribu kiyoyozi dakika kumi, gereji, ndani ya gari kukiwa na watu wawili na pua ya gari imepanda kwenye kibaraza. Maji machache yaliyopatikana yakajikusanya nyuma ya trei, yakatulia. Nikasaini.

Kesho yake mvua ya kwanza ikashuka alfajiri. Abiria 28 wakapanda na nguo mbichi, madirisha yakafungwa, kiyoyozi kikawekwa mwisho. Unyevu wa namna hiyo ni karamu kwa mapezi: trei ikajaa kimyakimya kuanzia Kimara Mwisho. Magomeni Mapipa bodaboda akakatiza, dereva akakanyaga breki. Breki zilishika vizuri kweli, nilizifunga mwenyewe. Gari likasimama; maji hayakusimama. Yakakimbilia mbele ya trei, yakamwagika kupitia matundu ya hewa hadi kiti cha tatu, alipoketi mama wa uhasibu, aliyekesha Jumapili nzima akisukwa.

Dereva alinipigia simu akiwa pale pale barabarani.

"Fundi, shikamoo. Hili gari ulilipeleka wapi?"

"Marahaba. Kwani linavuja?"

"Kuvuja? Watu wamefungua miamvuli humu ndani!"

Jioni nilikuta ameandika kwenye daftari la ubovu, kwa herufi kubwa: GARI HAIVUJI, INANYESHA.

Kazi ya kuzibua ilikuwa nusu saa. Nilikata lami kwenye midomo kwa kisu, nikapitisha waya laini, kisha upepo kidogo wa kompresa kutoka chini huku mwenzangu ameshikilia maungio ya juu; ukiachia upepo wote, mpira unachomoka kwenye trei na utafungua dari zima kuutafuta. Halafu kipimo ambacho ningekifanya mapema nisingekuwa na hadithi: mimina lita 1 ya maji kwenye trei, weka ndoo chini, uhakikishe yote yanatoka.

Nikiwa bado uvunguni nikakumbuka kipumulio cha difu, kitundu cha kupumulia cha lile boksi la gia kwenye ekseli ya nyuma. Nacho kilikuwa kimezibwa. Hiki kikiziba, joto linasukuma oili nje kupitia sili, zile rabha za kuzuia oili isivuje. Na difu la moto likiingia ghafla kwenye maji ya bonde la Jangwani linapoa na kunyonya maji kupitia sili zile zile, oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Yale magari mengine sita niliyakagua usiku huo huo kwa tochi. Manne nilikuwa nimeyapendelea vile vile.

Mama wa uhasibu hakusema neno. Mwisho wa mwezi ikaja orodha ya gharama za masika kwa ajili ya saini yangu: mkanda wa feni, 2. Maji ya breki, lita 4. Rabha za waipa, jozi 7. Na chini kabisa, kwa mwandiko wake mzuri: kusuka, kichwa 1.