Dakika Ishirini Angani, Saa Nzima Ukaguzini

Kutoka uwanja wa ndege wa Kisauni, Unguja, hadi Dar es Salaam ndege huruka kama dakika ishirini. Boti ya mwendo kasi kutoka bandari ya Malindi, hapa hapa Unguja, huchukua takriban saa mbili. Kwa hesabu hiyo boti zingekuwa zimekosa abiria zamani, lakini kila asubuhi zinajaa, na tofauti ya nauli si sababu pekee. Abiria wa ndege anatakiwa afike mapema, mzigo upite mashine ya mlangoni, asimame foleni ya kaunta, avue mkanda kwenye mashine ya pili, kisha akae kusubiri. Ongeza teksi ya kutoka mjini, ongeza foleni ya magari ya kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi Kariakoo, na zile dakika ishirini zinapoteza maana. Wa boti naye hukaguliwa bandarini, ila yeye anashukia katikati ya mji.

Kwa hiyo mjadala wa ukaguzi viwanjani unatugusa watu wa visiwani kuliko mtu anayekwenda Amsterdam. Yule anaruka usiku kucha. Saa mbili za ukaguzi ni kipande kidogo cha safari yake. Mfanyabiashara wa Wete anayetoka uwanja wa Chake Chake kuja Unguja yuko angani nusu saa. Kwake yeye ukaguzi unaweza kuwa mrefu kuliko safari yenyewe.

Msimamo wangu nauweka wazi. Ukaguzi lazima uwepo, na kuna mahali unatakiwa uongezwe. Ila kwa jinsi mzigo wake ulivyogawanywa, anayeubeba zaidi ni abiria wa safari fupi na shirika dogo la ndege, ilhali historia inaonyesha hatari kubwa imepitia kwengine.

Wanaotetea ukaguzi mkali wana hoja nzito kuliko tunavyokubali tukiwa kwenye foleni, na hatuhitaji kwenda New York kuitafuta. Februari 1982 ndege ya Air Tanzania aina ya Boeing 737 iliyokuwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilitekwa na vijana waliotaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Ikapitishwa Nairobi, Jeddah na Athens hadi Stansted, Uingereza, ndipo watekaji wakajisalimisha. Ilikuwa safari ya ndani, ya abiria wa kawaida, katika nchi ambayo wengi waliamini mambo hayo ni ya watu wengine.

Miaka kumi na minne baadaye, tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilitekwa na watu watatu waliotaka ipelekwe Australia. Rubani aliwaambia mafuta hayatoshi, hawakumsikiliza. Ndege ikaanguka baharini karibu na pwani ya Ngazija, Visiwa vya Komoro, mbele ya hoteli ya kitalii, na watu 125 kati ya 175 wakafariki. Ngazija ni jirani zetu, na hapa Unguja kuna familia nyingi zenye asili ya huko.

Mkasa huo lakini unabeba somo ambalo watetezi wa foleni ndefu huliruka. Watekaji hawakupitisha bunduki wala bomu. Walidai wana bomu, na kumbe walichokuwa nacho ni chupa ya pombe. Shoka walilotishia nalo walilichukua ndani ya ndege yenyewe, kwenye chumba cha marubani. Mashine bora kuliko zote duniani isingewagundua. Kilichokosekana ni mlango imara wa chumba cha marubani, uliofungwa kwa ndani, na mlango huo ulikuja kulazimishwa baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 huko Marekani. Gharama yake kwa sehemu kubwa ililipwa na mashirika ya ndege, abiria hakuongezewa dakika hata moja ya kusubiri, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa hatua zilizookoa maisha mengi zaidi.

Februari 2016 huko Mogadishu, abiria wa Daallo Airlines aliripua bomu lililofichwa kwenye kompyuta mpakato. Ubavu wa ndege ukatoboka, mripuaji mwenyewe akatupwa nje, na kwa bahati ndege ilikuwa haijafika juu sana, ikarudi ikatua salama. Kamera za uwanja zilionyesha kompyuta hiyo ikikabidhiwa na watu waliokuwa wakifanya kazi pale pale uwanjani, baada ya eneo la ukaguzi. Uovu ulipita kwa wenye vitambulisho.

Kwa uchumi wetu, kioo cha karibu zaidi ni Sharm el-Sheikh, mji wa kitalii wa Misri. Tarehe 31 Oktoba 2015 ndege ya Metrojet ya Urusi iliripuka angani Sinai muda mfupi baada ya kuondoka hapo, na watu wote 224 wakafa. Urusi ikasimamisha safari zake zote za Misri. Uingereza ikazuia ndege zake kwenda Sharm hadi Oktoba 2019. Urusi haikurudisha safari za moja kwa moja kwenye miji ile ya Bahari ya Shamu hadi 2021. Fikiria hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje zikikaa miaka minne bila soko lao kubwa. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000, wengi wao wakitua Kisauni, na nyuma ya kila chumba cha hoteli kuna mvuvi, mkulima wa mboga, dereva na mpishi. Tulishaonjeshwa kidogo: Januari 2003 Marekani na Uingereza ziliwatahadharisha raia wao kuhusu safari za Zanzibar, na Mei mwaka huo huo Uingereza ikazuia ndege zake kwenda Kenya kwa wiki kadhaa, miezi michache baada ya makombora kurushwa dhidi ya ndege ya Arkia, shirika la Israel, ikipaa Mombasa. Makombora hayakuipata ndege, lakini hofu iliwapata watalii.

Kwa hiyo shirika kubwa la nje likija kukagua uwanja wetu kabla ya kupanga safari, lina haki kuwa kali. Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago, ule mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kilichopitishwa mwaka 1974, ndicho kinachozibana nchi zote kwenye usalama wa anga. Kwetu Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania inasimamia kanuni, na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar inaendesha viwanja. Tukilegea, mashirika yataondoka bila kuaga.

Upande wa pili una hesabu zake. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha utafiti juu ya ukaguzi wa mizigo ulioanzishwa Marekani baada ya 2001. Waligundua kuwa ukaguzi huo peke yake ulipunguza abiria kwa karibu asilimia 6, na asilimia 9 kwenye viwanja 50 vyenye shughuli nyingi zaidi. Kazi yao nyengine ilionyesha jambo zito zaidi: baada ya Septemba 2001, Wamarekani wengi waliacha ndege wakashika barabara, na vifo vya ajali za magari vikaongezeka.

Sisi barabara yetu ni bahari. Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba. Julai 2012 MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Mamia ya watu walipotea, na hakuna mtu wa Pemba ninayemjua ambaye hakuguswa. Sidai kwamba waliopanda meli zile walikimbia ukaguzi wa ndege. Wengi walipanda kwa sababu ndiyo nauli waliyoimudu. Ninachosema ni kwamba kila gharama na kila usumbufu tunaouongeza uwanjani unamsukuma mtu baharini, na anayepima usalama wa uwanja peke yake bila kuitazama bandari anapima nusu ya hatari. Boti za siku hizi ni bora, namshukuru Mungu. Hata hivyo, kijiti cha kupimia kinatakiwa kiwe kimoja kwa anga na bahari.

Kuna mashirika yetu madogo, yanayorusha Cessna Caravan za abiria kumi na kidogo kati ya Pemba, Unguja, Dar es Salaam, Tanga na Arusha. Ndege moja hufanya safari nyingi kwa siku, kituo hadi kituo. Abiria mmoja akikwama kwenye mashine robo saa, rubani ama amwache, arudishe nauli na alaumiwe, ama amsubiri, na ucheleweshaji ule uende naye hadi jioni. Ndege yenye viti mia tatu inaweza kumwacha mtu mmoja bila kutetereka kimapato. Yenye viti kumi na tatu haiwezi.

Ila haki lazima isemwe hata ikiidhoofisha hoja yangu. Ndege hizo ndogo hazina mlango wa chumba cha marubani. Mara nyengine abiria hukaa kiti cha mbele, bega kwa bega na rubani. Kwa hiyo ukaguzi wa ardhini ndio kizuizi pekee kilichopo, na anayetaka Caravan ipandwe kama daladala anasahau jambo hilo. Nafuu itafutwe kwenye mpangilio: mstari wao peke yao, na mashine moja iliyo imara badala ya kukaguliwa mara mbili kwa kitu kile kile.

Halafu kuna kanuni ya vimiminika, inayomkataza abiria kubeba mkononi chombo cha zaidi ya mililita 100. Ilizaliwa Agosti 2006, baada ya polisi wa Uingereza kuvunja njama ya kuripua ndege zinazovuka Atlantiki kwa vitu vilivyotiwa kwenye chupa za vinywaji. Hatari ilikuwa ya kweli. Lakini mililita 100 hazibagui, na kila kinachomwagika au kupakika kinahesabiwa, ikiwemo halua. Mama anayempelekea mwanawe aliye masomoni Uturuki halua ya Wete, asali na achari ya embe, akivibeba mkononi, anavipoteza vyote. Nimemuona mmoja kwenye uwanja wa mpito nje ya nchi akisimama mbele ya pipa, chupa ya asali mkononi, hajui amuulize nani. Alishapita uwanja wa kwanza bila kuambiwa neno. Kosa lake lilikuwa nini? Aliyemuuzia tiketi angemwambia aitie asali kwenye mzigo wa tumboni mwa ndege, pasingekuwa na machozi.

Teknolojia ya kumaliza tatizo hilo ipo. Mashine mpya hupiga picha ya mzigo pande zote, na mwaka 2025 viwanja vya Edinburgh na Birmingham vilianza kuruhusu vimiminika hadi lita mbili. Ni ghali na nzito, na sioni viwanja vyetu vyote vikizipata karibuni. Lakini mashine bila mtu makini ni chuma tu: mwaka 2015 ilifichuka kwamba maofisa wa Marekani waliojifanya abiria walipitisha silaha na vilipuzi bandia mara 67 katika majaribio 70. Nchi tajiri, mashine za kila aina, na bado.

Hatua za ghafla kutoka nje nazo huyaumiza mashirika yasiyo na kosa. Machi 2017 Marekani ilipiga marufuku kubeba kompyuta mkononi kwenye ndege zinazokwenda kwake kutoka viwanja kumi vya Mashariki ya Kati, Uturuki na Afrika Kaskazini, Dubai ikiwemo. Mwezi uliofuata Emirates ikapunguza safari kwenye miji mitano ya Marekani, ikisema wateja wamepungua. Hadi Julai marufuku yalikuwa yameondolewa. Wakubwa waliweza kuongeza ulinzi na kuomba waondolewe. Uwanja wa kisiwa kidogo ungesubiri zamu.

Nimeacha hadi hapa jambo ambalo kwetu lina uzito wa pekee, nalo ni staha. Mwanamke aliyevaa buibui na ushungi ana haki ya kukaguliwa na mwanamke mwenzake, na akitakiwa kufunua uso au nywele, iwe chumbani, mlango umefungwa. Hilo haliondoi usalama hata chembe. Linahitaji maofisa wa kike wa kutosha katika kila zamu, na chumba. Mzee anayekwenda Hija kwa mara ya kwanza aambiwe shikamoo kabla ya kuambiwa avue viatu. Watu wanavumilia mengi wakiheshimiwa, na ofisa anayezungumza na abiria kwa adabu hupata muda wa kumtazama machoni, jambo ambalo mashine haiwezi.

Nikivipima vyote, naona tumeuweka ukali mahali ambapo unaonekana zaidi. Daallo ilisalitiwa na watu wa uwanjani. Kwa Metrojet pia, shaka iliangukia wafanyakazi wa uwanja. Kiambatisho cha 17 kinataka wasio abiria nao wakaguliwe kabla ya kuingia maeneo yaliyofungwa: mbeba mizigo, mpishi, msafishaji, na mkubwa mwenye kitambulisho shingoni. Mheshimiwa anayepitishwa mlango wa pembeni bila kukaguliwa ni tundu sawa na uzio uliokatika. Hapo ndipo ningependa kuona ukali ukiongezeka, na sitalalamika foleni ikiwa wote tumo ndani yake.

Serikali imeamua kuujenga upya uwanja wa Pemba ufikie hadhi ya kimataifa, na ramani ni rahisi kubadilishwa kuliko ukuta. Basi Wawakilishi wa Pemba waulize sasa: mstari wa safari za ndani utatengwa na ule wa nje? Kila zamu itakuwa na maofisa wa kike wangapi? Wafanyakazi watakaguliwa wapi, na nani atawakagua wakaguzi? Orodha ya vitu vilivyokatazwa itabandikwa kwa Kiswahili kwenye kila ofisi ya tiketi, Wete, Chake na Mkoani? Na ada ya usalama iandikwe kwenye tiketi mstari wake peke yake, ili yule mfanyabiashara wa Wete ajue analipa kiasi gani na kwa kazi gani.